Damu chooni, kinundu tayani: anachoweza kuona daktari wa meno wa Kanda ya Ziwa

Mtu wa visiwani akiona damu kwenye choo, jibu analo kabla hajafika zahanati: kichocho. Mara nyingi hajakosea. Maji ya Ziwa Victoria yana konokono wanaobeba vimelea vya Schistosoma mansoni, na kwa anayeishi mwaloni, anayevua, anayefua na kuoga ziwani, kuvikwepa ni kazi ngumu. Kisipoonekana kichocho itatajwa amiba, na kama si amiba basi ni bawasiri. Mgonjwa anameza dawa, siku mbili tatu anajisikia nafuu, anarudi kwenye mtumbwi.

Katikati ya majibu hayo matatu yanapita magonjwa mawili ya kurithi ya utumbo, na hakuna anayeyasimamisha. Ni adimu, na tukubali hilo mapema. Lakini yote mawili huweza kuacha alama kinywani au tayani miaka mingi kabla ya utumbo kulalamika, na mtu anayekaa karibu na alama hizo ni daktari au tabibu wa meno, yule aliyeletewa mtoto kwa sababu chonge haijaota, au kijana aliyekuja kung'oa gego. Makala hii ni ya kwake, na ya muuguzi anayemshikia taa.

Ugonjwa wa kwanza unajulikana kwa kifupisho FAP (kwa Kiingereza familial adenomatous polyposis). Aliyeurithi huota polipu, yaani vinyama vidogo kwenye ukuta wa ndani wa utumbo mpana, kwa mamia hadi maelfu. Huanza kuota utotoni au ujanani, kwa wastani karibu na miaka 16, na bila matibabu karibu kila mwenye FAP ya kawaida hupata saratani ya utumbo mpana, wengi wakiwa hawajapita miaka 40 kwa mbali. Hukadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 10,000 hivi. Chanzo ni hitilafu kwenye jeni ya APC iliyoko kromosomu ya 5, iliyotambuliwa mwaka 1991. Kila mtoto wa mzazi mwenye hitilafu hiyo ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, awe wa kike au wa kiume. Karibu robo ya wagonjwa hawana mzazi mgonjwa kabisa, hitilafu imeanzia kwao, kwa hiyo ukoo usio na historia haumwondolei mtu shaka.

Kwa nini taya? Jeni ya APC ni breki ya ukuaji wa seli, na njia ya mawasiliano ya seli inayozuiwa na jeni hiyo utumboni ndiyo hiyo hiyo ambayo mwili huitumia kujenga meno na mifupa. Mwanajenetiki wa Marekani, Eldon Gardner, alianza kuchapisha habari za ukoo mmoja wa Utah mwaka 1951: polipu za utumbo, vinundu vya mfupa, vivimbe vya ngozi. Vitabu vya meno bado vinauita ugonjwa wa Gardner, ingawa ni FAP ile ile ikiwa na dalili za nje ya utumbo.

Ugonjwa wa pili ni Peutz-Jeghers, ambao ni adimu zaidi. Mholanzi Jan Peutz aliuelezea mwaka 1921, Harold Jeghers na wenzake wakaukamilishia picha mwaka 1949, na jeni yake, STK11 ya kromosomu ya 19, ikajulikana mwaka 1998. Hapa polipu hukaa zaidi kwenye utumbo mwembamba, na alama yake ni madoa meusi midomoni. Tutayarudia, kwa sababu kwenye ngozi yetu madoa hayo yana ujanja wake.

Papasa taya kabla ya kufungua kinywa

Osteoma ni mfupa uliokomaa kabisa, ila umejijenga mahali pasipohusika. Mahali pake apendapo ni pembe ya taya la chini na ukingo wake wa chini, halafu paji la uso na fuvu. Simama nyuma ya mgonjwa, weka vidole vitatu vya kila mkono chini ya ukingo wa taya, anzia kidevuni, telezesha polepole hadi chini ya masikio, mikono yote miwili kwa pamoja ili upande mmoja uupime mwingine. Osteoma ni ngumu kama taya lenyewe, haisogei, haiumi, na ngozi iliyo juu yake inateleza bila kushikamana. Ukimaliza pandisha vidole kwenye paji la uso na katikati ya nywele. Ni kazi ya dakika moja. Wengi wanairuka kwa sababu mgonjwa amelalamikia jino, si taya.

Ukiwa hapo angalia pia ngozi. Vivimbe laini chini ya ngozi ya uso, kichwa au mikono kwa mtu mzima si habari. Kwa mtoto ambaye hajabalehe, na vikiwa vingi, ni habari.

Sasa, Kanda ya Ziwa uvimbe wa taya la mtoto una jina ambalo lazima litangulie mengine yote: limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto inayokua kwa kasi. Daktari Denis Burkitt aliielezea mwaka 1958 akiwa Uganda, na mwambao huu wote uko ndani ya ukanda wake wa malaria. Burkitt huvimba kwa siku na wiki, hulegeza meno, huyasukuma nje, hujaza fizi na kubadilisha uso wa mtoto mbele ya macho ya mama yake. Huyo hapangiwi tarehe ya kurudi, anasafirishwa leo. Osteoma huchukua miaka, na mara nyingi mama atakwambia, "Hicho kinundu anacho tangu zamani, daktari, hakimsumbui." Kati ya hizo mbili kuna ameloblastoma, uvimbe wa tishu zinazojenga jino, ambao haupanui mfupa tu bali huula kutoka ndani: kwenye eksirei huonekana weusi wenye vyumba vyumba, wakati osteoma ni weupe mtupu. Usichanganye shaka ya osteoma na uvimbe unaokua kwa kasi. Ukiwa na mashaka yoyote, kasi ndiyo inayoamua.

Picha ya taya zima

OPG, ile picha ya panorama inayoonyesha mataya yote mawili kwa pamoja, ndiyo chombo chenye thamani kubwa hapa. Pasipo na OPG, eksirei ndogo za mdomoni zinasaidia kuona jino lililokwama lakini hazifiki pembe ya taya, na hapo ndipo vidole vinapobaki kuwa kipimo pekee.

Soma picha kwa mpango uleule kila mara. Hesabu meno kwanza, kila upande peke yake, pamoja na yaliyo ndani ya mfupa. Halafu fuata ukingo wa taya la chini kutoka sikio hadi sikio. Mwisho angalia mfupa ulio kati ya mizizi na ukingo huo. Unatafuta vitu vitatu: weupe mzito usio na uhusiano na jino bovu, meno ya ziada, na meno ya kudumu yaliyokwama bila sababu. Odontoma, yaani rundo la vijino au donge la tishu za jino ndani ya mfupa, mara nyingi ndiyo iliyomziba njia jino lililokwama. Hitilafu za meno za aina hii hutajwa kwa takriban 17% ya wenye FAP, dhidi ya 1 hadi 2% ya watu wa kawaida. Maana yake wenye FAP walio wengi wana meno ya kawaida kabisa. Picha safi haimtoi mtu kwenye orodha kama baba yake ana ugonjwa.

Maana ya kila alama inategemea wingi wake. Jino moja la ziada katikati ya meno mawili ya mbele ya juu linaonekana kwa watoto wengi wazima. Gego la mwisho lililokwama usilihesabu hata kidogo, nusu ya mji inalo. Osteoma moja ndogo peke yake kwa mtu wa miaka 50 andika, iache. Bali osteoma tatu, au osteoma moja pamoja na odontoma, au meno ya ziada matatu na chonge mbili zilizokwama kwa binti wa miaka 14: hapo ndipo unapoweka koleo chini na kuanza kuuliza maswali.

Yapo mambo yanayofanana na haya, na hapa kwetu yana sura yake. La kwanza ni "meno ya plastiki". Mtoto mchanga anaharisha na kupata homa, mtu anamchokoa vichipukizi vya chonge kwenye ufizi akidai ndivyo vinavyomletea ugonjwa, na miaka kumi baadaye chonge ya kudumu haipo, au imeota imepinda na gamba lake limeharibika. Ukikuta chonge za chini tu ndizo zenye kasoro na meno mengine yote yako sawa, muulize mama taratibu, bila kumhukumu: "Mama, alipokuwa mchanga aliwahi kutolewa meno ya plastiki?" Akikubali, umepata sababu na utumbo hauhusiki.

La pili huwapata kina mama, hasa wenye asili ya Kiafrika waliopita miaka 40: mabonge meupe kuzunguka mizizi ya meno ya taya la chini, pande zote mbili, yasiyouma. Jina lake la kitabuni ni displasia ya saruji na mfupa, yaani ukuaji usio wa kawaida wa mfupa na wa saruji, ule utando mgumu unaofunika mzizi wa jino. Mtofautisho ni huu: mabonge hayo yamekaa kwenye eneo la mizizi, juu ya mfereji wa neva, na mengi yamezungukwa na utepe mweusi mwembamba. Osteoma haina utepe huo, na haijali mizizi iko wapi. Anayempeleka mama wa miaka 50 kwenye kamera ya utumbo kwa sababu ya displasia amempotezea nauli na usingizi.

Meno ya ziada yakiwa mengi kupindukia, mwambie mtoto ajaribu kukutanisha mabega yake mbele ya kifua. Yakikaribia kugusana, mitulinga yake haipo au ni mifupi, na huo ni ugonjwa mwingine wa kurithi wa mifupa usiohusu utumbo. Na mfupa uliotuna ndani ya taya la chini upande wa ulimi, kulia na kushoto kwa ulinganifu, au katikati ya kaakaa, ni umbile tu.

Madoa ya midomo kwenye ngozi nyeusi

Vitabu vingi vinaonyesha picha ya Peutz-Jeghers kwa mtoto mweupe, madoa kama yamechorwa kwa kalamu. Kwenye midomo ya Msukuma au Mkerewe si rahisi hivyo. Mdomo wenyewe una weusi, fizi zina weusi, na taa ya kiti cha meno inaelekezwa ndani. Tumia mwanga wa dirishani kama upo. Kausha mdomo wa chini kwa shashi, uvute nje kwa vidole viwili, na angalia mstari ule ambapo ngozi inakutana na rangi ya mdomo. Doa la Peutz-Jeghers ni dogo, milimita 1 hadi 5, la kahawia iliyokolea au bluu-nyeusi, limejitenga na jirani yake, na linavuka mstari huo bila kuujali. Kisha geuza ndani ya mashavu. Kisha mzunguko wa pua na macho, ncha za vidole, viganja, nyayo. Viganja ni rafiki yako mkubwa: kwa mtu mweusi ngozi ya hapo ni nyepesi, doa linaonekana.

Weusi wa kawaida wa kinywa cha Mwafrika una tabia tofauti. Hukaa kwenye fizi kama mkanda, kulia sawa na kushoto, kingo zake zinafifia taratibu. Ukiona mkanda wa fizi peke yake, usiandike chochote. Madoa yaliyojitokeza ukubwani yana sababu zake: zidovudini, dawa ya VVU, hutia madoa kinywani na mistari kwenye kucha, sigara hutia weusi kwenye fizi za mbele, na weusi mpya unaosambaa kwa mtu aliyekonda, mchovu, mwenye shinikizo la chini la damu unapaswa kukukumbusha tezi za adrenali zilizo juu ya figo, hasa kama aliwahi kuugua kifua kikuu. Swali linalotenganisha ni moja: yalianza lini? Ya Peutz-Jeghers hutokea utotoni, kwa kawaida kabla ya miaka 5, na kuna mtego hapa: baada ya balehe yale ya midomoni hufifia, ya ndani ya mashavu hubaki. Kijana wa miaka 25 mwenye midomo safi anaweza kuwa na mashavu yanayosema jambo jingine, na mama yake akakumbuka kwamba alipokuwa darasa la kwanza wenzake walimtania kwa ajili ya mdomo wake.

Hatari ya karibu ya Peutz-Jeghers si saratani, ingawa nayo ipo, ya utumbo na ya viungo vingine kama matiti na kongosho. Ya karibu ni polipu kuuvuta utumbo ukaingia ndani ya utumbo. Tumbo linasokota kwa vipindi, mtoto anatapika, utumbo unaziba. Kwa hiyo mtoto mwenye madoa midomoni na kovu la upasuaji katikati ya tumbo anakupa habari mbili zinazokwenda pamoja, hata kama aliyemleta amezungumzia jino tu.

Kuuliza, na barua

Swali "kuna mtu mwenye saratani kwenu?" halifai. Litajibiwa hapana, kwa sababu waliokufa hawakupimwa. Uliza kuhusu aliozaliwa nao tumbo moja, halafu baba na mama, halafu ndugu wa kila mmoja wao waliozaliwa tumbo moja naye. Uliza nani alifariki kabla ya miaka 50 kwa ugonjwa wa tumbo, nani alikuwa akiona damu chooni kwa miaka, nani alipasuliwa tumbo, nani aliwekewa mfuko wa choo ubavuni. Ukiambiwa baba mdogo alirogwa, usibishane. Andika umri aliokufa na jinsi alivyougua: alikonda, choo kilikuwa na damu, tumbo lilijaa. Chora mchoro wa ukoo nyuma ya fomu, miraba kwa wanaume, duara kwa wanawake, hata ukiwa mbaya.

Mgonjwa akikwambia alishatibiwa kichocho, hilo si mwisho wa mazungumzo. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na mayai ya kichocho yakionekana kwenye choo hayazuii mtu huyo huyo kuwa na FAP. Isitoshe, kichocho cha muda mrefu chenyewe huweza kuotesha polipu kwenye utumbo mpana, ndiyo maana anayefanya kipimo cha kamera (kolonoskopi) anatakiwa achukue vinyama vya kupima kutoka polipu kadhaa, asiridhike na kuona kwa macho. Damu inayoendelea wiki kadhaa baada ya dozi sahihi inahitaji kamera, awe na alama tayani au asiwe nayo.

Barua ya rufaa isiandikwe "naomba uchunguzi zaidi". Daktari wa Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda, anapokea barua za namna hiyo rundo zima. Andika hivi: "Msichana wa miaka 14. Osteoma tatu za taya la chini, odontoma moja, chonge mbili za juu zimekwama, OPG imeambatishwa. Hajachokolewa meno utotoni. Baba alifariki akiwa na miaka 38 kwa ugonjwa wa tumbo wenye damu chooni. Nashuku FAP. Naomba kolonoskopi na uchunguzi wa macho." Mistari hiyo inamfungulia mlango.

Macho yameingiaje? Wengi wenye FAP wana madoa meusi nyuma ya jicho, kwenye retina, waliyozaliwa nayo, yasiyodhuru kuona. Daktari wa macho akipanua mboni kwa dawa ya matone huyaona kwa dakika chache, bila mgonjwa kufunga kula wala kusafisha tumbo. Yakiwa mengi na kwenye macho yote mawili, shaka yako imepata nguvu kubwa. Yasipokuwepo, kamera inabaki palepale.

Na kipimo cha jeni? Kikipatikana ni kizuri, hasa kwa kuwaondolea wasiwasi ndugu ambao hawakurithi. Kisipopatikana kazi haisimami: polipu 100 au zaidi za aina ya adenoma, zile zinazoweza kugeuka saratani, zinatosha kuita ugonjwa kwa jina lake. Watoto wa familia yenye FAP huanza kuangaliwa utumbo mpana wakiwa na miaka 10 hadi 12, kila mwaka au miwili, na polipu zikizidi utumbo huo hutolewa kwa upasuaji, wengi wakiwa mwishoni mwa ujana au mwanzoni mwa miaka ya ishirini. Kwa Peutz-Jeghers uchunguzi wa kwanza hufanywa karibu na miaka 8, au mapema zaidi mtoto akiwa na maumivu ya tumbo.

Neno saratani lisitoke kwenye kiti cha meno. Hujaona utumbo. Mwambie mzazi ulichokiona: "Mama, meno ya mwanao na mfupa wa taya vimeota kwa namna ambayo wakati mwingine huenda pamoja na vinyama tumboni. Vikiwepo vinatibika mapema. Ningependa aangaliwe." Kisha mpe barua mkononi, chukua namba ya simu ya mtu anayebaki nyumbani, si ya baba aliyeko kambi ya dagaa, na piga baada ya mwezi.

Usiharakishe kung'oa

Jino lililokwama kwa mgonjwa wa FAP ni gumu kuliko linavyoonekana. Saruji ya mzizi inaweza kuwa imenenepa, nafasi ya kawaida kati ya mzizi na mfupa imepotea, na mfupa unaouzunguka ni mzito. Ukilazimisha kwa koleo utavunja mzizi, au pembe ya taya. Piga picha kwanza, fungua ufizi, gawanya jino vipande, ondoa mfupa kidogo kidogo kwa maji mengi ili usiuunguze. Pima wingi wa damu kabla, kwa kuwa mtu aliyevuja polepole chooni kwa miaka anaweza kukaa kwenye kiti akiwa na hemoglobini ya 7 bila kulalamika, akidhani uchovu ni wa kazi. Diklofenaki mpe kwa uangalifu au usimpe kabisa, parasetamoli inatosha kwa wengi.

Osteoma yenyewe haigeuki saratani. Hutolewa ikimzuia mtu kufungua kinywa, ikizuia meno bandia kukaa, au ikimharibia uso kiasi cha kumsumbua, na ikitolewa ipelekwe maabara ikiwa kwenye fomalini ya 10%, ujazo wake mara 10 ya kipande, na neno "FAP?" limeandikwa kwenye fomu.